Dadu na Simulizi: Mvutano wa Kanuni na Kisa

Mtunzi wa shairi ana mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni kanuni: mizani zihesabiwe, vina vilingane, beti zitoshelezane. Bwana wa pili ni lile jambo lenyewe ambalo mtunzi anataka kulisema. Siku njema mabwana hao huafikiana, na msomaji hata hatambui kuwa palikuwa na mapatano. Siku mbaya mmoja humnyang'anya mwenzake: ama kina hulazimisha neno lisilostahili mahali pake, ama maneno humwagika mithili ya maji yasiyo na mtungi. Wapenzi wa ushairi wa mwambao wameujua mvutano huu tangu ujana wao, na wapo waliojibizana juu yake mpaka sauti zikawakauka.

Makala haya yanakusudia kuuangalia mvutano huo huo mahali ambapo wengi wetu hatukuzoea kuutafuta, yaani katika mchezo. Uko mchezo wa mezani ambao, kwa kukosa jina lililozoeleka, tutauita mchezo wa kuvaa uhusika. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi: hueleza mahali, hali, na watu wanaokutwa njiani. Kila mmoja wa wengine huvaa uhusika wa mtu wa kubuni, akasema kwa kinywa chake na kutenda kwa niaba yake. Linapofika jambo ambalo mwisho wake haujulikani, kama vile kuruka ufa au kumhadaa mlinzi, kanuni hushika hatamu, na mara nyingi dadu hurushwa.

Katika mchezo huo hakuna hadhira pembeni. Fasihi simulizi yetu inamfahamu fanani, na inaifahamu hadhira inayoitikia "Pakawa" pale fanani anapotamka "Paukwa". Hapa mwitikio huo umevuka mpaka wake. Anayeitikia amepewa haki ya kuamua mtoto wa mfalme atafanya nini, na dadu imepewa haki ya kuamua iwapo atafaulu. Kwa hivyo mezani pana wenye madai watatu: kanuni, msimulizi na wachezaji. Ni nani kati yao mwenye neno la mwisho? Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 200, na majibu yake yana mengi ya kumfaa mtu anayependa tungo.

Vita vya mezani

Mwaka 1780, katika mji wa Brunswick huko Ujerumani, mwalimu wa hisabati aitwaye Johann Christian Ludwig Hellwig aliitanua sataranji ili ifanane zaidi na vita. Ubao wake ulikuwa na miraba zaidi ya 1,600 iliyotiwa rangi kuonyesha milima, misitu na maji. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia meza nzima yenye vipande vya ardhi vinavyoweza kupangwa upya, ili vita vichezwe juu ya nchi isiyofungwa na miraba. Mwanawe, aliyekuwa luteni wa mizinga, ndiye aliyeukamilisha mchezo huo na kuutolea kitabu cha kanuni mwaka 1824.

Mchezo wa luteni von Reisswitz ulichezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1 kwa 8,000. Vipande vyekundu na vya buluu viliwakilisha vikosi, na kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika 2 za vita. Makamanda wa pande mbili waliandika amri zao kwenye karatasi wakampa mwamuzi. Mwamuzi peke yake ndiye aliyejua yote. Aliviweka juu ya ramani vikosi vile tu ambavyo adui angeweza kuviona, akarusha dadu, akatazama jedwali, kisha akatangaza hasara. Jenerali von Müffling, aliyekuwa mnadhimu mkuu wa jeshi, aliutambua mchezo huo kuwa ni mafunzo ya vita hasa na akaupendekeza kwa jeshi zima. Mtunzi wake hakuishi kuyafaidi matunda ya kazi yake, kwani alijiua mwaka 1827.

Tuyashike mambo mawili yaliyozaliwa hapo. La kwanza ni kificho: mchezaji haoni ubao wote kama aonavyo mcheza bao au mcheza drafti; anajua kile tu ambacho mtu wake angekijua. La pili ni mwamuzi, mtu asiyeshinda wala kushindwa, ambaye kazi yake ni kuieleza dunia. Mtu wa namna hiyo hana budi kusimulia. Hata akisema maneno machache tu, kwamba vumbi linaonekana upande wa mashariki, tayari ameanza hadithi.

Kadiri miaka ilivyopita, kanuni ziliongezeka, majedwali yakarefuka, na maofisa wakaanza kuchoka. Mwaka 1873 Wilhelm Jacob Meckel aliandika kuwa kanuni nyingi mno zinamfunga mikono mwamuzi na kuufanya mchezo uwe mzito. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alikwenda mbali zaidi: aliyaweka kando majedwali na dadu, akamwachia ofisa mzoefu aamue kwa busara yake. Tangu hapo pakawa na mikondo miwili, ule wa kanuni kali na ule wa mchezo huru. Hoja ya wenye kanuni ni kwamba busara ya mtu mmoja haikosi upendeleo. Hoja ya wenye uhuru ni kwamba jedwali halijapata kuona vita. Karibu kila ubishi uliofuata katika historia hii ni marejeo ya hoja hizo mbili.

Mji wa Braunstein

Mbegu ya Prussia ilivuka bahari. Mwaka 1880 ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu cha michezo ya vita kiitwacho Strategos, ambamo mwamuzi alipewa mamlaka makubwa na mchezaji akaruhusiwa kujaribu lolote. Kitabu hicho kilikaa katika rafu za maktaba kwa miongo mingi, mpaka katika miaka ya 1960 kijana mmoja wa Minnesota, David Wesely, alipokikuta katika maktaba ya chuo kikuu.

Wesely na wenzake wa miji pacha ya Minneapolis na St. Paul walikuwa na mazoea ya kucheza vita vya enzi ya Napoleon. Mwaka 1969 alibuni mchezo juu ya mji wa kubuni wa Braunstein, ulioko kati ya majeshi mawili yanayokaribia. Makamanda walikuwa wawili kama kawaida, lakini wachezaji waliofika walikuwa wengi. Wesely akawagawia nafasi za watu wa mji: huyu awe meya, yule mwenye benki, na mwingine mkuu wa chuo. Kila mmoja akampa haja zake mwenyewe.

Mambo yalimponyoka. Kabla majeshi hayajagusana, watu wa mji walikuwa wameshaanza kunong'onezana, kula njama na kudanganyana. Wawili wakataka kupigana ana kwa ana, jambo ambalo kanuni hazikulitaja kabisa, na Wesely ikambidi azibuni papo hapo. Mchezo ukaisha bila ya vita kupiganwa, naye akaamini kuwa ameshindwa. Wachezaji wenyewe walikuja kumwomba mwingine.

Katika mmoja wa michezo iliyofuata, uliowekwa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, kijana Dave Arneson alipewa nafasi ya mwanafunzi mwanamapinduzi. Arneson alikuja na kitambulisho alichojitengenezea nyumbani, akawaaminisha wenzake kuwa yeye ni jasusi wa Marekani, na kwa ulimi mtupu akauendesha mchezo wote kwa faida yake. Hakuna kanuni iliyomruhusu kufanya hivyo, wala hapakuwa na kanuni iliyomkataza. Hapo pakaonekana jambo ambalo wacheza vita hawakuwahi kuliona: kwamba mtu aliyepewa jina, haja na uhuru wa kusema huzaa kisa, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kukisimulia.

Mwaka 1970 Wesely alipoitwa jeshini, Arneson aliendelea. Aliunda nchi yake ya Blackmoor, yenye ngome, na chini ya ngome akachimba mahandaki ya giza yaliyojaa mazimwi na hazina. Wachezaji wake hawakuwa tena na majeshi. Kila mmoja alikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alirejea wiki baada ya wiki, akiwa na makovu na mali aliyoipata wiki iliyopita.

Sanduku la mwaka 1974

Katika hatua hii kanuni na kisa viligongana waziwazi. Arneson alianza kwa kutumia kanuni za kitabu kiitwacho Chainmail, kilichotungwa na Gary Gygax na Jeff Perren na kutolewa mwaka 1971. Katika kanuni za namna hiyo kipande hupigwa kikatoka. Dadu moja mbaya, na mtu amekwisha. Kwa askari asiye na jina hilo halina neno. Lakini wachezaji wa Blackmoor walikwishawapenda watu wao, hawakuwa tayari kuwaona wakifutika kwa mrusho mmoja. Arneson alieleza baadaye kuwa jibu alilipata katika kanuni zake za vita vya manowari, ambamo meli huhimili mapigo kadhaa kabla ya kuzama. Akawapa watu alama za uhai, zinazopungua pigo baada ya pigo.

Tutaona kuwa badiliko hilo halikuletwa na hesabu. Lililetwa na mapenzi ya wachezaji kwa wahusika wao. Nalo, likishaletwa, lilizaa kisa cha aina mpya: mtu aliyejeruhiwa, anayejua kuwa amebakiwa na alama 2, anayesimama mbele ya mlango akijiuliza aingie au arudi. Kanuni ilitengeneza kituo cha mashaka, na mashaka ndiyo chumvi ya kila hadithi.

Arneson alimwonyesha Gygax mchezo wake huko Lake Geneva, Wisconsin, mwishoni mwa mwaka 1972. Gygax aliandika na kuzipanga kanuni, na mwezi wa Januari 1974 kampuni yake changa ikatoa sanduku lenye vijitabu 3 liitwalo Dungeons & Dragons. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, kwa bei ya dola 10. Wawili hao walikuja kufikishana mahakamani mwaka 1979 juu ya haki ya utunzi, na wakapatana mwaka 1981.

Vijitabu hivyo vilikuwa na kanuni nyingi za kupigana na kufanya uchawi, na chache mno za jambo jingine lolote. Hapakuwa na kanuni ya mapenzi, ya kisasi wala ya toba. Hata hivyo palikuwa na kanuni moja iliyokuwa ikisimulia kimyakimya. Mhusika alikua kwa kujipatia alama za uzoefu, na sehemu kubwa ya alama hizo ilitokana na dhahabu aliyoitoa salama mahandakini: kila sarafu ya dhahabu ilihesabiwa alama moja. Kuua zimwi kulileta alama pia, lakini baada ya marekebisho ya mwaka 1975 alama hizo zilikuwa chache. Mchezaji mwerevu alielewa haraka. Zimwi lililolala liachwe lilale, mlinzi ahongwe, hazina ibebwe, mbio! Visa vya wakati ule vikawa visa vya wajanja, jamaa za Abunuwasi. Toleo la mwaka 1989 lilipoishusha dhahabu ikawa jambo la hiari, wajanja walipungua na mashujaa wakaongezeka, ingawa hakuna ukurasa uliowaamrisha wachezaji kuwa mashujaa. Kile ambacho kanuni inakilipa, ndicho kisa kitakachosimuliwa.

Msimulizi anapoiba dadu

Katika miaka ya 1980 upande wa kisa ulidai haki yake. Tracy Hickman na mkewe Laura walitaka michezo yenye mwanzo, kati na mwisho, yenye wahusika walio na huzuni na mapenzi. Kazi yao ya mwaka 1983, Ravenloft, ilimpa adui mkuu historia na kidonda cha moyo. Mwaka 1984 ukaanza mfululizo wa Dragonlance, ambao uliambatana na riwaya zilizoandikwa na Tracy Hickman pamoja na Margaret Weis. Riwaya hizo zilipendwa mno.

Lakini mezani palizuka tatizo. Riwaya inahitaji watu wake waishi mpaka sura ya mwisho, na dadu haijui sura. Watunzi wakaweka kanuni kwamba mhusika muhimu akifa, kifo chake kisionekane waziwazi, mwili usipatikane, ili aweze kurejea baadaye kisa kitakapomhitaji. Zaidi ya hayo, njia ya kisa ilikwishachorwa. Mchezaji angeweza kugeuka kushoto au kulia, lakini kwa hila moja au nyingine angerudishwa barabarani. Wachezaji wengi walinung'unika kuwa wamefanywa abiria katika chombo ambacho nahodha wake hasikilizi mtu.

Wizi mdogo zaidi ulikuwa ukifanyika kwa siri. Msimulizi wa mchezo huu mara nyingi huketi nyuma ya kiambaza kidogo cha karatasi ngumu, na nyuma yake hurusha dadu zisizoonekana na wengine. Dadu ikitoa tarakimu itakayomuua mhusika kwa jambo la kipuuzi, msimulizi hujaribiwa kutangaza tarakimu nyingine. Wapo wanaosema kuwa hiyo ni huruma, na kwamba fanani bora siku zote huisoma hadhira yake na kukigeuza kisa kadiri ya uso wake. Wapo wanaosema kuwa ni uongo mtupu, kwa sababu wenzake mezani wamekubali kuhatarisha kitu wanachokipenda kwa sharti kwamba hatari ni ya kweli.

Suala hili si dogo. Mchezaji aliyeponea chupuchupu husimulia habari ile kwa miaka. Akija kujua kuwa hakuponea, bali aliponywa kwa kuonewa huruma, kisa kizima hupoteza thamani machoni pake, ingawa maneno yake ni yale yale. Hapo ndipo tunapoelewa kuwa kanuni katika mchezo huu ina kazi ya pili mbali na kuhesabu. Ni amana. Inamlinda msikilizaji na upendeleo wa msimulizi, na inamlinda msimulizi na tuhuma ya wasikilizaji.

Kanuni inayosimulia

Wakati wengine wakivutana, wachache walipita njia ya tatu. Hawakuuliza kanuni ipunguzwe kiasi gani ili kisa kipumue. Waliuliza kama kanuni yenyewe inaweza kuwa kisa.

Dalili ilikwishaonekana mwaka 1977 katika mchezo wa Traveller wa Marc Miller, unaohusu safari za angani. Kabla ya kucheza, mchezaji hupitisha ujana wa mhusika wake kwa dadu: amejiunga na jeshi gani, amepandishwa cheo au la, amejifunza nini, ametoka na umri gani. Kila baada ya miaka 4 ya utumishi huulizwa iwapo anaendelea. Kanuni za awali ziliruhusu mhusika afe humo humo, kabla mchezo haujaanza. Jambo hilo limechekwa sana, lakini mtu aliyenusurika alifika mezani akiwa na wasifu mzima.

Mfano ulio bora zaidi ni Call of Cthulhu wa Sandy Petersen, uliotolewa mwaka 1981 kutokana na hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft. Wahusika wake ni watu wa kawaida wanaochunguza mambo ya siri. Mbali na alama za uhai, kila mmoja ana alama za akili timamu. Kila anapoliona jambo lisilostahimilika alama hizo hupungua, na elimu ya siri hizo, kadiri inavyozidi, huteremsha kikomo ambacho akili haiwezi tena kukipita. Kwa hiyo mchezaji anaombwa kuutafuta ukweli, na ukweli ndio unaomwangamiza. Falsafa nzima ya hadithi hizo imeingizwa katika safu moja ya tarakimu. Msimulizi hana haja ya kuhubiri kuwa ujuzi una bei, maana mchezaji anajifutia mwenyewe kwa mkono wake.

Mwaka 1991 Vampire: The Masquerade wa Mark Rein-Hagen ulijitangaza kuwa ni mchezo wa kisimulizi, na mwendeshaji wake akaitwa kwa jina la msimulizi. Ulikuwa na kipimo cha utu, kinachoshuka kwa kila dhambi. Lakini sehemu kubwa ya kanuni zake ilihusu nguvu za ajabu na mapambano, na mara nyingi wachezaji walifuata kanuni zilikoelekea, wakaiacha dibaji ikizungumza peke yake. Mwaka huo huo Erick Wujcik alitoa Amber usio na dadu hata moja. Wachezaji hushindania uwezo wa wahusika wao kwa mnada, kisha msimulizi huamua kwa kulinganisha. Mzee Verdy du Vernois angeutambua.

Mwaka 1999 Ron Edwards, mwanabiolojia na mtunzi wa michezo, aliandika insha iliyodai kuwa mfumo wa kanuni una uzito, na kwamba si kweli kuwa msimulizi hodari anaweza kukitamba kisa chochote kwa kanuni zozote. Mjadala huo ulizaa kizazi kipya. Mwaka 2004 Vincent Baker alitoa Dogs in the Vineyard, juu ya vijana wanaotumwa kusuluhisha miji yenye mifarakano. Ugomvi huanza kwa maneno. Anayekaribia kushindwa anaweza kuongeza dadu, lakini kwa kupanda ngazi: kutoka maneno hadi kusukumana, kutoka ngumi hadi bunduki, na kila ngazi ina majeraha yake. Swali la mchezo huachwa mikononi mwa mchezaji: je, haki unayoitetea yatosha kumwaga damu? Katika Apocalypse World, alioutunga mwaka 2010 pamoja na Meguey Baker, mchezaji hurusha dadu 2. Akipata 10 au zaidi amefaulu; akipata 6 au pungufu, mambo yanageuka dhidi yake; na kati ya 7 na 9 anafaulu kwa gharama. Ngazi hiyo ya kati ndiyo inayoangukiwa mara nyingi, na ndiyo iliyo tajiri kwa visa, kwani kufaulu kwa gharama ndiko kulikojaa katika maisha ya binadamu.

Mnara wa vijiti

Mfano wa mwisho unamhusu Mswahili kwa jina. Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, aliuuza kwa mara ya kwanza mchezo wake wa vijiti vya mbao huko London mwaka 1983, akauita Jenga, kutokana na kitenzi chetu kujenga. Vijiti 54 hupangwa kuwa mnara. Kila mchezaji huchomoa kimoja kutoka chini na kukipandisha juu, mpaka mnara uanguke.

Mwaka 2005 Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore walitoa mchezo wa kuvaa uhusika wa kutisha uitwao Dread, ambao hauna dadu wala jedwali. Katikati ya meza unasimama mnara wa Jenga. Mhusika akitaka kufanya jambo gumu, mchezaji wake huchomoa kijiti. Mnara ukisimama, amefaulu. Ukianguka, mhusika ametoka katika kisa, aghalabu kwa kufa. Mchezaji anaweza pia kukataa kuchomoa na kukubali kushindwa jambo lile, au kuuangusha mnara kwa kusudi ili mhusika wake ajitoe mhanga kwa ajili ya wenzake.

Mwanzoni mwa usiku mnara ni imara na watu wanacheka. Baadaye mikono inatetemeka na sauti zinashuka zenyewe. Msimulizi hana haja ya kusema kuwa hofu imetanda. Hawezi kuiba kwa huruma, kwa sababu mnara unaonekana na wote. Wala kanuni hazikikatizi kisa, maana kuchomoa kijiti ndicho kisa chenyewe. Yale yaliyokuwa yakivutana tangu enzi za von Reisswitz, mwamuzi, bahati na hadithi, yamekutana katika kitu kimoja kilichobeba jina la Kiswahili.

Funzo kwa watunzi

Mwaka ule ule wa 1974 uliotoa sanduku la Gygax na Arneson ulitoa pia diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, iliyoviacha vina na mizani. Miaka 20 nyuma, mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amezikusanya kanuni za utunzi katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi. Na mwaka mmoja tu kabla ya Kichomi ilikuwa imetoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kwa arudhi za mwambao. Hatusemi kuwa watu wa Minnesota na watu wa Afrika Mashariki waliathiriana, hawakujuana. Tunasema kuwa swali lilikuwa moja.

Ubishi wetu umezoea kuuliza kama arudhi inaubana ushairi au la, kana kwamba kanuni ni kiasi, cha kuzidishwa au kupunguzwa. Historia ya mchezo huu inaonyesha kuwa swali hilo ni fupi mno. Mchezo wenye kanuni chache unaweza kumfanya mchezaji mtumwa wa msimulizi, na mchezo wenye kanuni kali unaweza kumtoa machozi. Kinachopimwa ni kile ambacho kanuni inakifanya pale inaposhika. Kina katika Sauti ya Dhiki hakikumzuia mfungwa kusema; kilikuwa ukuta mmoja aliouchagua mwenyewe katikati ya kuta ambazo hakuzichagua. Na Kezilahabi alipoviweka vina kando hakuachwa bila sharti, kwa kuwa mshororo usio na kina unadaiwa uzito wa picha na pumzi katika kila neno.

Kadhalika historia hii inakumbusha kuwa kanuni ni ahadi kwa mwingine. Mshairi anayejibu shairi la mwenzake kwa vina vile vile anakubali kupimwa mahali ambapo wote wanaona, kama mchezaji anayeukaribia mnara. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga, na maneno hayo yanamfaa mtunzi vilevile. Utungo ambao mtungaji wake anaweza kuyahama masharti yake kila yanapomkaza, bila ya msomaji kujua, ni dadu iliyorushwa nyuma ya kiambaza. Masharti yawe ya jadi au yawe mapya, mtunzi na ayachague, ayaweke mezani, kisha akubali yamshinde inapobidi.